Ramu, hadidiski na kadi ya mashine ya zamani: nini kihamie kwenye mpya?

Swali la dada mmoja, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka fundi. Nina stesheneri Nkuhungu hapa Dodoma. Mashine yangu ya siku zote ni Core i3 ya mwaka 2012, ramu 8GB, hadidiski 500GB, ina kadi ya picha ya GeForce 210 na dividii raita, Windows 7. Imeanza kujizima katikati ya kazi. Nimenunua nyingine used, Dell ya ofisini, Core i5 kizazi cha nane, ramu 8GB, SSD (diski isiyozunguka) ya 256GB, imekuja na Windows 11. Nataka nihamishe ramu zifike 16, hadidiski yenye kazi za wateja, na ile kadi ili iwe na nguvu zaidi. Fundi wa kwanza kasema vyote vinaingia, wa pili kasema hakuna hata kimoja, ninunue vipya. Nimsikilize nani?"

Marahaba dada yangu. Usimsikilize yeyote, hao wote wawili wamekujibu bila kufungua mfuniko. Hadidiski inahama, tena hiyo ndo ya maana kuliko vyote, ramu haihami hata ulie, na kadi inaingia vizuri kabisa ila usiiweke. Hapo kwenye kadi ndo wengi wanapopotea, mtu akishaona kitu kimekaa kwenye sloti na skrubu imekaza anajua kazi imeisha, kumbe kairudisha mashine yake nyuma miaka tisa.

Tuanze na hadidiski maana humo ndo kuna ugali wako. Mashine ya zamani inajizima ovyo, kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, wakati bado inawaka, kopi kazi zako zote. Azima hadidiski ya nje hata kwa ndugu, kopi, usiseme ntakopi nikishahamisha. Hiyo diski ya 2012 imezunguka miaka yote hiyo, kama ni ya kawaida ya desktopu ni mara 7,200 kwa dakika, kwenye vumbi letu hili, afu kila umeme ukikatika ghafla nayo inashtuka. Inaweza ikakaa miaka mingine mitano, inaweza pia ikafa siku unayoitoa. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, iweke uifungue. Ikiandika Good kwa bluu sawa. Ikiandika Caution kwa njano angalia mistari miwili, Reallocated Sectors na Current Pending Sector, hapo diski inakwambia kuna vipande vyake vimeshachoka, vingine imevikwepa na vingine inashindwa kuvisoma. Diski ya hivyo toa kilichomo uiache, usiipeleke kokote. Na ukisikia inagonga kak, kak, kak, zima hapohapo, kila unapoijaribu tena unazidi kuichimbia kaburi.

Kama ni nzima, kuichomeka siyo kazi. SATA, ndo aina ya plagi ya diski hizi, imeanza 2003 na mpaka leo plagi ni zilezile, nyembamba ya data na pana ya umeme, zote ndani zina umbo la L, kwa hiyo haziingii kinyume labda ulazimishe, na ukilazimisha unavunja kile kiplastiki cheusi chembamba upande wa diski. Nimeshakivunja, najua kinavyouma. Spidi zinaelewana zenyewe, mpya inamshukia mzee wanaongea taratibu.

Shida ya hizi Dell na HP za ofisini iko kwenye umeme wa diski. Ukifungua utatafuta lile furushi la nyaya za njano, nyekundu na nyeusi ulilolizoea kutoka kwenye pawa saplai, lile boksi la umeme, na huenda usilione. Kwenye nyingi za kizazi hicho pawa saplai inaipa umeme mazabodi tu, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, afu mazabodi ndo inawagawia diski kupitia kijiplagi kidogo pembeni. Kama mashine imekuja na SSD peke yake, ile iliyolala juu ya mazabodi kama kipande cha biskuti, basi waya wa kugawia mara nyingi haupo, ulishachomolewa huko ilikotoka. Mrudie aliyekuuzia kwanza, hao watu wana maboksi yamejaa nyaya za hivyo na hawajui za nini. Akikosa, agiza Kariakoo kwa namba ya modeli ya mashine, basi linaleta kesho yake. Ila usikubali mtu akukatie waya na kuunga na selotepu nyeusi, na vile viadapta vya Molex (plagi ya umeme ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambavyo plagi yake ni plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya nakuomba uviogope, vinajulikana dunia nzima kwa kuyeyuka na kuwaka moto.

Angalia na nafasi. Kama kesi yako ni ile nyembamba inaweza kuwa na sehemu moja tu ya diski, pengine ya ukubwa wa laptop, na diski yako ya desktopu ni ya inchi 3.5. Hapo usiiache inaning'inia humo ndani juu ya mazabodi, chuma chake kinagusa vitu. Nunua boksi la nje la USB lenye adapta yake ya umeme, maana diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 na USB ya kawaida inatoa 5.

Ukishaifunga, washa huku unabonyezabonyeza F2 (kwa HP ni F10) uingie kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, hakikisha ile iliyoandikwa Windows Boot Manager ndo ya kwanza. Usijaribu kuwasha hiyo mashine mpya kwa Windows 7 ya kwenye diski ya zamani. Najua utatamani maana programu zako zote zimo, ila Windows 7 haina draiva (programu za kuendeshea vifaa) za vitu vya kizazi cha nane, hata za plagi za USB 3 haina, kwa hiyo ikijitahidi ikawaka inakuletea skrini ya kuandika neno la siri afu kibodi na mauzi vimekufa, unabaki unaikodolea macho. Na Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020.

Ukiwa humo kwenye bayosi utakutana na kitu kinaitwa SATA Operation, yaani namna mashine inavyoongea na diski, kwenye Dell nyingi kimewekwa RAID On. Kuna video zitakwambia badilisha kiwe AHCI. Usikiguse. Windows yako iliwekwa ikiwa katika hali hiyo, ukiibadilishia ghafla unapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kuna jamaa wa Ipagala alikuja kwangu na mashine begani anataka tukamgombeze muuzaji kamuuzia kitu kibovu, nikaingia F2, nikarudisha RAID On, ikawaka, akacheka mwenyewe akaondoka. Sikumchaji.

Ndani ya Windows 11 diski itatokea kama D au E. Ingia Users, jina lako, Desktop, maana nawajua watu wa stesheneri, CV za wateja, barua za mtendaji, kadi za harusi na mitihani ya majaribio ya shule tatu vyote viko Desktop kwenye folda inaitwa mpya mpya 2. Itakwambia huna ruhusa, bonyeza Continue, subiri. Faili zikiwa nyingi mstari wa kijani utatembea kama konokono, uache umalize, usifunge. Baada ya hapo kazi za kila siku zifanyie kwenye SSD na ya zamani iwe ghala tu, nakala ya pili. Tofauti utaiona mwenyewe, diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 mpaka 150 kwa sekunde siku ikiwa na afya, SSD ya SATA inafika kama 550, na kama hiyo yako ni NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, inaweza kupita 2,000.

Ramu sasa. Mashine ya 2012 inatumia ramu za aina ya DDR3, kizazi cha nane kinatumia DDR4. Watu wanadanganyika kwa sababu ukizishika zina urefu uleule. Zilaze moja juu ya nyingine mezani, uangalie ule mkato upande wa meno ya dhahabu, utaona hailingani, mmoja umesogea kidogo tu. Ule mkato umewekwa makusudi, ni kama wamekuandikia usiniweke humu. DDR3 ina meno 240 na inakula volti 1.5, DDR4 ina meno 288 na volti 1.2, kwa hiyo hata ungepata namna ya kuishindilia usingependa kilichofuata. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliikazia kidole gumba pande zote mbili mpaka sloti ikapasuka kati, kiplastiki kimeruka kikaangukia kwenye chai yangu. Sloti moja ikafa, mashine ikabaki na ile nyingine. Mteja nilimrudishia hela.

Sasa usije ukabishana na mtu mwenye i5 ya kizazi cha sita anayesema yeye anatumia DDR3, anaweza akawa mkweli, kizazi cha sita na cha saba kuna mazabodi zilitoka na sloti za DDR3L. Cha nane kama chako nunua DDR4, kijiti kimoja cha 8GB, cha desktopu. Sema neno desktopu unaponunua, na kabla hujaenda fungua uone kwanza, kama Dell yako ni ile ndogo kama kamusi basi inatumia ramu za laptop, fupi. Ukipewa ya spidi 3200 chukua tu, itashuka yenyewe ifanye kazi 2666 na mwenzake. Vijiti viwili ni bora kuliko kimoja kikubwa kwako, kwa sababu mashine yako haina kadi ya nje, grafiksi ya ndani ya prosesa inakula kwenye ramu hiyohiyo, na ikiwa na njia mbili za kuchotea inapumua.

Hapo tumefika kwenye kadi yenyewe, na najua hii itakuuma maana inaonekana kitu hasa, ina feni, ina stika ya kijani. GeForce 210 ilitoka 2009. Ilikuwa inauzwa kwa watu waliokuwa na mashine zisizotoa picha kabisa, au zenye HDMI iliyokufa, haikuwa ya nguvu hata siku inazaliwa. Sloti ya PCI Express inaikubali, kadi ya kale kwenye sloti ya kisasa inaingia na umeme inaupata, ndo maana fundi wako wa kwanza akasema inaingia. Ila ndani ya hiyo i5 yako tayari kuna grafiksi ya Intel UHD 630, ambayo inaizidi 210 karibu kila kitu. Inafungua video nyingi za YouTube bila kuisumbua prosesa, 210 haijui hizo aina mpya za video, itamtupia prosesa mzigo wote. Halafu Windows 11 inataka kadi inayojua DirectX 12, lugha ambayo Windows inaongea na kadi, hii inaishia 10.1, NVIDIA walishaacha kuitengenezea draiva miaka mingi. Yaani utaongeza joto, utaongeza kelele, utaongeza kitu cha kuharibika, afu utapunguza nguvu.

Na kuna jambo la skrini nyeusi. Kadi za zamani, za kabla ya kama 2012 na 2013, ubongo wake uliandikwa kuongea na bayosi ya mtindo wa zamani. Mashine mpya zinawaka kwa UEFI, bayosi ya kisasa, na kama Secure Boot, ulinzi wake wa kuwasha, imewashwa na ule mlango wa mtindo wa zamani umefungwa, mashine inawaka, feni inazunguka, taa zote ziko, kwenye skrini hakuna kitu. Mtu anahangaika anabadilisha ramu, anabadilisha waya, anapiga piga kesi. Ukikutana na hiyo chomoa kadi, rudisha waya wa skrini kwenye plagi za mazabodi. Inawezekana kuulazimisha ule mlango ufunguke kwa kuzima Secure Boot, ila kwa kadi ya 210 ni sawa na kubomoa ukuta uingize kochi bovu.

Ungekuwa na GTX 750 Ti ningekujibu tofauti kabisa. Ile ya 2014 inakula wati 60, na sloti inatoa mpaka 75, kwa hiyo nyingi zinafanya kazi bila waya wa ziada, na ukiwa na mteja wa kuedit video kidogo inasaidia kweli. Kadi zinazodai plagi ya pini 6 au 8 kwenye Dell ya ofisini sahau, pawa saplai yake haina hizo plagi.

Kama ulitaka kadi kwa sababu monita yako ina VGA ya bluu na mashine mpya ina DisplayPort na HDMI tu, hapo usinunue kadi, nunua adapta ya DisplayPort kwenda VGA, yenye kichipu ndani, kazi imeisha.

Hukuuliza pawa saplai ila naogopa wa kwanza aliyesema "vyote" aliimaanisha na hiyo. Iache ilipo. Kwanza haichomeki, mazabodi ya hizi Dell haitumii ile plagi pana ya pini 24, wana plagi zao. Pili mashine inayojizima yenyewe, pawa saplai ni mmoja wa washukiwa wakubwa, huwezi kumhamishia mgonjwa nyumba yenye watoto. Tatu nina kovu. Miaka kama mitano nyuma nilikuwa nafunga mashine ya mteja, pawa saplai yake ni zile ambazo nyaya zinachomoka pande zote mbili, nikakosa waya mmoja wa SATA, nikachukua wa pawa saplai nyingine nilikuwa nayo kwenye droo, plagi zinafanana kabisa, imeingia na kubana vizuri. Nikawasha. Nikasikia tsii, kamoshi kembamba kakapanda kutoka chini ya diski, harufu ile ya plastiki na samaki. Plagi zinafanana, ila kila kampuni inapanga volti zake inavyotaka upande wa pawa saplai, volti 12 zikaingia pa volti 5. Bodi ya diski iliungua na humo kulikuwa na picha za msiba wa mama yake. Tulitafuta bodi ya kufanana miezi miwili. Toka siku hiyo nyaya za kila pawa saplai nazifunga raba na kuandikia jina.

Dividii raita ni SATA, inaingia kama kesi ina nafasi ya saizi yake, nyembamba wanataka ile ya laptop. Siku hizi wateja wangapi wanaleta CD? Nunua ya USB ukae nayo. Printa ya mkanda ya kuchapa risiti, kama unayo na ni ile ya plagi pana ya pini 25, kuna waya wa USB wa kuibadilisha, kwa printa huwa unakubali.

Siku ya kufanya kazi yenyewe: tuko kwenye miezi ya kipupwe, hewa ya Dodoma imekauka mpaka midomo inapasuka, na ndo miezi ambayo umeme wa mwilini unaua ramu bila wewe kusikia chochote. Vua sweta, hasa lile la manyoya. Usifanyie kazi kwenye zulia wala juu ya blanketi. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi umeme uliobaki uishe, afu gusa chuma cha kesi kabla hujagusa kitu kingine, na urudie kugusa kila ukitoka ukirudi. Kama unapuliza vumbi kwa blowa pulizia nje, upande upepo unakoenda, na shika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa kasi ile inageuka jenereta ndogo. Fungua mfuniko, piga picha kwa simu kila plagi kabla hujaichomoa.

Ile ya zamani usiitupe. Kujizima mara nyingi ni joto, ondoa feni ya prosesa uone, nyingi nilizofungua mtaani kwenu kati ya feni na chuma kuna blanketi zima la vumbi jekundu, na grisi ya prosesa imekauka kama unga. Safisha, paka mpya, ramu zake za DDR3 zibaki humohumo, ukipata SSD ndogo ya SATA hata ya 120GB itafaa kwa kijana wa kuchapa tu, bila kuiunganisha na intaneti kama inabaki na Windows 7.

Nitumie picha mbili, ya ndani ya Dell ukiwa umefungua mfuniko, na ya stika yenye modeli. Nikiona zile plagi ndogo pembeni ya mazabodi ntakwambia ni waya upi uagize.